Mwizi Kwenye Mchanga wa Babu

Mke wangu alikuwa na babu, baba wa mama yake, mvuvi wa mto Kilombero, ambaye alianza kunitukana kabla sijatua mzigo.

"Ndiye huyu?" alimwuliza mke wangu, akinizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa. "Umeniacha mimi mumeo, ukachukua hiki kijiti cha kukorogea uji?"

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, mwizi. Ukinirudishia mke wangu leo nitakusamehe. Kesho nitataka na fidia."

Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walicheka. Mke wa babu, bibi mfupi mwenye sauti kubwa, alitoka kibandani akanishika mkono. "Mwache mume wangu apumzike," akamwambia mzee. "Wewe umeshaisha, huyu ndiye atakayenilisha." Wakacheka tena.

Kwa watu wa bonde lile, babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, na anayemwoa ni mwizi. Maneno ambayo binti hawezi kuyatamka mbele ya baba yake hata kwa kuchomwa moto, kwa babu anayatupa mchana kweupe. Bila desturi hiyo nisingekuwa hai.

Tulikuwa tumetoka Kilosa kwa miguu, mimi na mke wangu, tumeoana karibuni. Alikuwa akiishi kule kwa shangazi yake, na sasa nilikuwa nampeleka kwa mama yake, kule Mchombe, ili mama anione na mimi nimsalimie kama mkwe. Mke wangu alisema tupitie kwanza kwa babu, tupumzike, miguu ipoe. Nilikubali haraka. Mahali nisipopajua huwa nakubali haraka.

Mimi wakati ule nilikuwa kijana wa kutangatanga. Shule ya wamisionari niliiacha nikijua kusoma na nusu ya kuandika, kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara, misafara ilikuwa ikipita, na sikuweza kukaa bila kujua watu wale wanakwenda wapi. Nikawafuata. Nikabeba meno ya tembo, nikabeba mabati, nikaosha sufuria katika boma la Wadachi, hao Wajerumani. Bahari niliiona mara moja. Lakini mchanga mweupe kama ule wa babu sikuuona hata huko.

Kiangazi mto ule hupungua na kuacha fungu la mchanga katikati, pana kama shamba. Wavuvi hutoka vijijini, wakajenga vibanda vya matete juu yake, wakavua na kukausha samaki kwa moshi mpaka mvua zirudi na mto umeze kila kitu. Upande mmoja unaiona milima ya Udzungwa, upande mwingine ile ya Mahenge, na katikati nyasi tu, na sheshe, swala wa bondeni, wanaokuja kunywa maji jioni. Kwenye ukingo wa udongo mwekundu ndege keremkeremu walikuwa wamechimba mashimo yao, wakitoka na kuingia kama nyuki. Tuliogea ndani ya uzio wa miti iliyochomekwa majini kuzuia mamba. Tulikula perege wa kuchoma. Mke wangu alinisugua mgongo kwa mchanga, akaniambia nina magamba kuliko huyo perege. Sijapata kupumzika hivyo tena.

Kisha mitumbwi ikaanza kupita bila kusalimia.

Mtoni watu husalimiana. Hata aliye na haraka hupaza sauti, akauliza habari za samaki, akaulizwa za nyumbani. Sasa wanaume walipita wamejaa ndani ya mitumbwi, kimya, vichwani wamejifunga majani ya mtama. Nilisimama ukingoni nikawauliza wanakwenda wapi. Mmoja aliacha kupiga kasia. Hakunitazama usoni. Alilitazama shati langu, shati la kaki nililopewa bomani nilipokuwa mwosha sufuria, halafu akamnong'oneza mwenzake.

"Mwizi," babu aliniita. "Vua hilo shati."

"Kwa nini, babu?"

"Kwa sababu nimesema."

Ilikuwa mara ya kwanza anaongea nami bila mzaha, na hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu alilichukua shati, akalijaza mchanga, akaifunga mikono yake kama anayemfunga mateka, akalizamisha kwenye kina. Mapovu yalitoka kidogo, kisha yakakoma.

Siku iliyofuata akaja hongo. Ndivyo walivyomwita mjumbe wa dawa. Hakuwa mtu wa kutisha kwa sura. Alikuwa mwembamba, anakohoa, na alibeba kibuyu mgongoni kama mwanamke anavyobeba mtoto. Lakini alikuja na vijana wenye mikuki, nao wakasimama kwenye mitumbwi yetu yote kabla yeye hajaketi.

Alisema dawa imetoka upande wa Rufiji, na wanywaji ni wengi kuliko nyasi. Alisema risasi ya Mdachi ikimpiga aliyekunywa, itamtiririka kama maji. Kesho jua likiwa utosini, kila mwanaume pale mchangani atakunywa, kisha watavuka kwenda Mahenge kuliangusha boma.

"Asiyekunywa ni wa Mdachi," akasema, na mmoja wa vijana akatazama mkuki wake kama anayekumbuka jambo. "Na tangu sasa mwanaume asimguse mkewe mpaka Mdachi atoke katika nchi hii. Atakayemgusa, dawa itamwacha. Itamwacha yeye na aliye kando yake, na aliye kando ya huyo."

Nilidhani babu atatania. Hakutania. Alikuwa na makovu mgongoni, viboko vya akida wa Mdachi, alivyochapwa mbele ya wajukuu zake kwa sababu watu wake waliliacha shamba la pamba wakaenda kuvua. Aliinuka, akajitazama mikono, akasema, "Nitakuwa wa kwanza."

Mchana ule mke wangu alikuwa akigeuza samaki kwenye uchanja, mimi nikichochea moto chini. Moshi ulitufanya tuonekane kama tunalia, jambo lililotufaa.

"Lile dude la Mdachi ulilonisimulia," akasema polepole. "Linaitwaje?"

"Bombomu."

"Nisimulie tena."

Nilimsimulia. Bomani walilielekeza kwenye migomba nyuma ya jiko ili sisi vibarua tuone. Askari alikaa kitako nyuma yake kama mama anayekuna nazi. Likapiga kelele kwa muda wa kumeza mate mara chache, na migomba yote ikalala. Ndizi mbichi zilitawanyika mpaka miguuni petu, nyingine zimekuwa uji. Mimi nilikwenda kupima matundu kwa kidole, maana ndivyo nilivyo, na askari akanifukuza kwa teke.

"Na Mahenge lipo?"

"Nimebeba masanduku ya risasi zake mpaka njia ya Mahenge."

Samaki mmoja aliungua upande, hakumgeuza.

"Waambie."

"Nikiwaambia wataniuliza nililiona wapi."

"Basi usinywe."

"Umesikia. Asiyekunywa ni wa Mdachi. Na yule wa kwenye mtumbwi aliliona shati."

"Basi tukimbie."

Sote tuliitazama mitumbwi, na vijana wamekaa juu yake, wanakula samaki wetu. Kupita majini kwa miguu hakukuwezekana. Mamba wa kule tuliwajua.

Halafu nikasema neno ambalo hata leo linanishangaza. "Ningependa kujua hayo maji ya dawa yana ladha gani."

Alinitupia samaki aliyekuwa mkononi mwake. Alikuwa wa moto.

Usiku ule babu alileta jamvi lake akalitandika ndani ya kibanda chetu, katikati kabisa, kati ya mke wangu na mimi. "Hongo amesema," akatangaza. "Na mwizi mimi namjua." Akalala pale, miguu yake mlangoni, akikoroma mpaka alfajiri. Tulikuwa watu watatu mle ndani, na hakuna kilichopita kati yetu isipokuwa mbu.

Kulipokucha mke wangu hakunisemesha. Alikwenda kwenye uchanja wake. Nilifikiri amenikasirikia.

Jua lilipofika utosini tulipangwa mstari mchangani. Mchanga ulichoma nyayo, tukawa tunabadilisha miguu kama ndege. Hongo alisimama na kibuyu, kando yake kijana wa mkuki mwenye mzigo wa majani ya mtama. Babu alikwenda wa kwanza kama alivyoahidi. Alimwagiwa kichwani, akanyweshwa, akafungwa majani. Alisimama kando, maji yanamtiririka kidevuni, kifua mbele. Alionekana kijana. Kila mmoja aliyekunywa alikwenda kusimama naye, na mstari ukasogea, nami nikasogea nao. Nilihesabu vichwa vilivyobaki mbele yangu, nikapotea, nikahesabu tena. Niliiona ile migomba. Nilijua kwamba nikimeza tu, nitavuka mto na watu hawa, na nitakaa mbele ya yule mama anayekuna nazi.

Mbele yangu alibaki mtu mmoja. Harufu ya dawa ilinifikia. Ilikuwa kama majani mabichi na udongo.

"Babu!"

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Alikuwa ametoka kwenye uchanja, mikono myeusi kwa moshi, anakuja moja kwa moja kwenye mstari wa wanaume, mahali ambapo mwanamke hakutakiwa hata kutupa kivuli chake.

"Babu, huyo mwizi wako msimpe maji. Atawaharibia."

Hongo alishusha kibuyu. "Mwanamke, unasema nini?"

Hakumjibu yeye. Alizungumza na babu, macho kwa babu, kwa sababu mbele ya babu tu angeweza kusema. "Ana uchafu wangu. Jana usiku. Baada ya neno la hongo."

Mtu aliyekuwa mbele yangu aliruka pembeni kama nimeshika moto. Nilimtazama babu. Palikuwa na mtu mmoja tu pale duniani aliyeweza kusema kwamba ule ni uongo bila kuulizwa mara mbili, naye alikuwa amesimama na dawa ikimkauka kifuani.

"Mzee," hongo akasema. "Wanasema jana ulilala mlangoni mwao."

"Nililala," babu akajibu.

"Basi?"

Babu alimtazama mjukuu wake. Kisha akanitazama mimi, na nilimwona akielewa kila kitu, ile hofu yangu, ule uongo, na gharama yake. Alijifuta kidevu.

"Mwanangu," akamwambia hongo, "mimi nikilala, hata kiboko anaweza kunipita juu na watoto wake. Wamenivuka!" Akajipiga paja, akaugeukia umati. "Jamani, mnaona? Nimeibiwa mara mbili na mwizi yule yule! Na mke mwenyewe ndiye anayenitangazia!"

Mtu mmoja alicheka. Mwingine akafuata, kisha wengi, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Hongo hakucheka. Alinikaribia mpaka nikaona macho yake yana wekundu, ya mtu asiyelala.

"Ni kweli?"

Kibuyu kilikuwa karibu, ningeweza kukigusa. "Ni kweli," nikasema.

Nilihisi ncha ya mkuki chini ya ubavu kabla sijamwona aliyeushika. "Tummalize," kijana alisema. "Asituvukie na laana yake." Kicheko kilikatika. Wengine walisema amalizwe, na mwanamke pia. Mke wangu alikuwa amesimama wima. Mkuki ulisukumwa kidogo. Kitu cha joto kilinitiririka kiunoni, na kwa kweli sikujua kama ni damu.

"Si hapa!" Babu hakuwa na mzaha tena. "Huu mchanga ni wangu, nimevua hapa tangu meno ya utoto. Damu ya mtu ikiingia hapa, samaki wanahama na mamba wanahamia. Wake zetu watakula nini sisi tukiwa vitani? Wewe utawavulia?"

Bibi alipiga yowe kutoka kwenye vibanda, na wanawake wengine wakaitikia. Hongo alikohoa kwa muda mrefu. Nadhani alichoka, au aliona jua linahama na mstari bado. Akasema tuondolewe, tusiguse mtu wala chombo kizuri.

Babu mwenyewe alitutolea mtumbwi uliopasuka, uliokuwa umefunikwa mchanga. Aliziba ufa kwa udongo na nyasi huku akinitukana kwa sauti ili wote wasikie, mwizi, fisi, mbegu ya kambale. Mikono yake ilifanya kazi haraka. Mke wangu alipoingia, alimkandamiza kichwa chini kama anayemsukuma.

"Mke wangu, ukimchoka huyu, njia unaijua," akasema.

Mke wangu alifungua mdomo amjibu, kwa maana utani lazima ujibiwe. Babu akausukuma mtumbwi kwa mguu, akarudi kwa wenzake bila kugeuka.

Tulikwenda na maji. Mimi nilipiga kasia, yeye alitoa maji mtumbwini kwa viganja. Mara mbili tulikutana na mitumbwi ya wanaume wa mtama, nasi tukalala chini ndani ya maji machafu, mtumbwi ukaelea kama gogo. Karibu na Ifakara tuliona moshi mweusi na kusikia sauti nyingi zikiita maji, maji, kisha bunduki, kisha mayowe tu. Tulijisokomeza kwenye matete ya mto Lumemo, shingo tu juu. Tuliwaogopa wenye mtama kwa sababu ya uongo wetu, tukawaogopa askari kwa sababu machoni pao sote tulikuwa wa mtama, tukawaogopa mamba kwa sababu ni mamba. Mke wangu alinishika sikio usiku na mchana, kama mtu anayeshika mbuzi asipotee. Hata leo sikio hilo likipata baridi nakumbuka vidole vyake.

Tulifika Kiberege, tukajificha kwa watu wema. Yaliyofuata wazee wote wanayajua. Huko Mahenge wenye mtama walilala kama migomba. Kisha askari wakashuka bondeni na moto, ghala baada ya ghala, na njaa ikamaliza waliobaki. Sisi tulikula mizizi, tukazika mtoto wetu wa kwanza, tukabaki. Kila mara mke wangu alisema, vita ikiisha tutakwenda kwa mama. Vita ikaisha. Akasema, njaa ikiisha.

Mvua moja nzuri ilikuja, mpunga ukakubali, na gulio la Kiberege likaanza tena. Siku moja tulikuwa pale tukitafuta chumvi, mke wangu akasimama ghafla. Mbele yetu, nyuma ya tenga la samaki wakavu, alikuwa ameketi yule bibi. Alikuwa amekonda, ile sauti kubwa imebaki nusu.

"Shikamoo, bibi," mke wangu akasema, na kupiga goti.

"Marahaba." Alinitazama. "Mume wangu, bado upo."

Nilitaka kumjibu kwa utani, mimi niliyeambiwa nitamlisha. Uso wake ulinizuia.

"Babu?" mke wangu akauliza.

"Alikwenda. Hakurudi. Hakurudi hata mmoja wa mchangani." Alipanga samaki waliokwisha kupangwa. "Njiani alikuwa akiwaambia wenzake, yule mwizi nikirudi nitamng'oa meno. Aliyenisimulia ni mtu wa Mchombe, alifia kwangu kwa vidonda."

Mke wangu alilia pale pale, kimya kimya. Kisha akasema kwamba sasa tutakwenda, mimi na yeye, tumsalimie mama, tufanye matanga ya babu.

"Msije," bibi akasema.

"Kwa nini, bibi?"

"Kule wajane ni wengi kuliko wanaume. Wanauliza kwa nini dawa iliwaacha waume zao. Wanasema mliiharibu nyinyi wawili. Ulilisema mwenyewe kwa kinywa chako, mjukuu wangu, mchana, na sote tulisikia."

"Lakini bibi, babu alilala kati yetu. Wewe unajua. Kibanda chako kilikuwa ubavuni."

"Najua. Nilimsikia akikoroma." Bibi alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Wakiniuliza, nasema ni nyinyi. Nikisema hamkufanya kitu, watauliza basi mzee wangu alikufa kwa nini. Nitawajibu nini? Na mimi mwenyewe nitajijibu nini?"

Mimi niliyeona migomba ningeweza kusema, lakini ningemwambia nini mwanamke yule kuhusu migomba?

"Mama amesikia?" mke wangu akauliza.

"Mama yako alikulilia kama maiti. Kwake umekwisha kufa, na ni afadhali. Wafu hawapigwi mawe."

Alichagua kitoga mkubwa kuliko wote kwenye tenga, akamfunga kwa jani, akamweka mikononi mwa mjukuu wake. Kisha akanipa mgongo na kuanza kuwaita wanunuzi kwa sauti ile iliyobaki.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Tangu siku ile, siku za gulio mke wangu hajifunui uso mpaka watu wa mtoni waondoke, na mimi niliyezunguka nchi nzima sijapata kuufikisha mguu wangu Mchombe. Kitoga yule tulimpika bila kuzungumza. Alikuwa na ladha ya moshi wa uchanja, na mke wangu alimla mpaka kichwa, akanyonya na mifupa.